Ndiyo, Ni Mimi

Sekela mwanangu,

Nakusikia huko chumbani ukifunga zipu ya begi, na mama yako akiifungua tena aongeze kitu. Mmekuwa mkifanya hivyo tangu mchana. Mambo ya blanketi, ya mafuta ya kujipaka, ya nani atakupokea Mbeya na upange chumba upande gani wa Mwanjelwa, hayo namwachia yeye. Ameshayasema, na kesho atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi nimebaki sebuleni na karatasi kwa sababu kwa mdomo tumeshindwana. Tangu ule mkutano wa kikundi, mimi na wewe tunaongea habari za chumvi na chaja tu. Ukinisalimia naitikia, nikikuita unakuja, basi. Sitaki upande gari tukiwa hivi. Lakini ukweli ni kwamba bado nimekasirika, kwa hiyo hasira utaikuta humu. Ivumilie.

Naanza na hiyo kazi unayoiendea, maana hata kuielezea kunanikera. Watu wananiuliza sokoni Igowole binti yako anakwenda kufanya nini Mbeya, nami nawajibu anakwenda kulinda wingu. Wanacheka, nacheka nao, halafu njiani nakereka peke yangu. Mimi nimezaliwa Mufindi. Nusu ya maisha yangu nimetembea ndani ya mawingu, asubuhi huoni hata ng'ombe unayemswaga, na sijawahi kuona mtu akiweka kitu humo akarudi akakikuta. Ulipoanza kuniambia ramani zetu za miti ziko kwenye wingu nilidhani unanitania. Ukanieleza, kwa ile subira yako inayoudhi kuliko matusi, kwamba hakuna wingu lolote. Kuna jengo mahali fulani limejaa kompyuta zinazounguruma mchana na usiku, na simu zetu zinapeleka vitu huko na kuvichukua kwa mtandao. Ukasema jengo hilo lina kuta nzuri kuliko benki, na kwamba tatizo si kuta, tatizo ni nani ana ufunguo. Ningekusikiliza siku ile, leo ningekuwa nakusaidia kufunga begi.

Unayajua yote nitakayoandika. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu kwenye mkutano ulisoma wewe na watu wakasikiliza, na nyumbani nilipofungua mdomo nilipiga kelele tu. Upande wangu sijawahi kuusema wote bila kukatizwa. Karatasi haikatizi.

Walipokuja wale vijana kutupimia mashamba, mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wapanda miti, na mimi ndiye nilikuwa na simu yenye akili kidogo. Tulitembea mipaka yote kwa miguu, shamba kwa shamba, mwenye shamba akiwa mbele na kijana nyuma yake ameshika simu. Ramani ikatoka, miti ya misindano ya huyu hapa, miti ya milingoti ya yule kule, mistari imenyooka ambayo hakuna babu aliyewahi kuinyoosha. Akaunti ikafunguliwa kwa jina langu. Nilijisikia mtu, sikufichi. Jina langu lilikuwa kwenye wingu.

Halafu watu wakaanza kuomba kuingia. Mmoja yuko Mafinga na mnunuzi wa mbao, anataka kumwonyesha shamba lilipo. Mwingine anataka kuona miti yake ilipandwa lini, mwingine anataka tu kuona jina lake likiwaka kwenye kioo. Wote niliwapa neno la siri. Nilipochoka kulirudia, nikaliandika kwa penseli ya seremala kwenye ubao wa juu ya mlango wa ofisi ya kikundi, herufi kubwa, ili hata asiyeona vizuri asome. Lilikuwa jina lako na mwaka uliozaliwa. Uliporudi likizo ulisimama chini ya mlango ule ukaangalia juu, ukaangalia chini, ukashika kichwa. Ukaniuliza, "Baba, hili ni neno la siri?" Nikakujibu ndiyo, ni la siri ya kikundi.

Ulicheka siku ile. Sikuelewa unacheka nini, na nikaona elimu imekuharibu.

Nielewe, Sekela. Hapa kwetu mtu akisafiri ufunguo anamwachia jirani. Nyumba ya bibi yako ilifungwa kwa kipande cha waya, na waya wenyewe ulikuwa wa kuzuia mbuzi, si watu. Mtu akikuomba ufunguo ukamnyima, hujamnyima ufunguo, umemwambia humwamini, na ataondoka na hilo moyoni mpaka msibani kwako. Ulipopendekeza kila mwanakikundi aingie kwa jina lake na neno lake, nikakuuliza unataka niwaambie wenzangu wote kwamba siwaamini? Ukasema hapana, unataka kila mtu aonekane anapoingia. Kwangu mimi hayo yalikuwa mamoja.

Na ile meseji sasa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanitoa roho. Mtu akijaribu kuingia kutoka mahali pasipo pa kawaida, simu yangu inaita kama mtoto mgonjwa: Je, ni wewe unayejaribu kuingia? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo, ni mimi, na Hapana, si mimi. Ulinieleza kwamba kuna algoriti, yaani utaratibu wa hesabu uliowekwa humo, unaojifunza mazoea yangu: huwa naingia kwa simu gani, nikiwa wapi, saa zipi. Likitokea jambo nje ya mazoea, unasita na kuniuliza. Nikakwambia huo utaratibu ni kama yule mama wa njia panda anayejua nani kapita na kabeba nini. Ukasema ndiyo, na mama wa njia panda ndiye aliyefanya kuku wetu wasiibwe miaka yote ile. Ulikuwa na jibu kwa kila kitu. Hilo nalo linachosha.

Mimi nilikuwa nabonyeza Ndiyo. Shambani, Ndiyo. Kanisani, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, simu inatetemeka mfukoni, naitoa chini ya kitabu cha Tenzi, Ndiyo. Kinyozi ameshika wembe kichogoni, Ndiyo. Msibani Mafinga tumebeba jeneza, naona mtu ananipigia mara ya pili na ya tatu, nikaachia mkono mmoja, kisa nini, mtu yuko ofisini anasema, "Mwenyekiti, imekataa, bonyeza huko." Nikabonyeza. Sikuwahi kuuliza unaingia kufanya nini. Nilitaka ile kelele inyamaze. Ukinipima vizuri, mambo mengi niliyoyakubali maishani niliyakubali hivyohivyo, ili kelele inyamaze. Hata uenyekiti wenyewe.

Kisha moto ukapita. Ulikuwa chuoni, ulituma pole, lakini hukuliona lile bonde lilivyobaki. Kila kitu cheusi. Ile milingoti ya mpakani, vigingi, ile miti iliyochongwa alama na wazee, vyote vilikuwa majivu, na shamba la mtu na la jirani yake yakawa kitu kimoja. Wakati wa kupanda upya ulipofika watu wakasema, asante Mungu tuna ramani. Na mimi nilitembea kifua mbele, mwenye ramani.

Kwenye mkutano ule wewe ulikuwepo, ulikaa nyuma kwenye lile darasa, kwenye madawati ya watoto. Mama Semgaya alisimama. Unamjua, mjane wa watu, haongei mpaka aongee. Akasema shamba lake linafika barabarani, ndipo malori yanapopakilia, na marehemu mumewe alipanda milingoti pale kwa mkono wake. Ramani ilionyesha mpaka wake unaishia nyuma, na kipande cha kandokando ya barabara kiko ndani ya shamba la kikundi. Watu wakaguna. Wengine walikuwa wanakumbuka kama yeye, naamini hivyo, lakini nani abishane na mstari ulionyooka? Nami nikasimama nikamwambia, "Mama, sisi wazee tunasahau. Kompyuta haisahau." Darasa zima likacheka. Mama Semgaya akaketi, akajifunga mtandio upya, akatazama ubao mweusi.

Maneno yale nayasikia mpaka leo. Nayasikia nikinywa chai.

Wewe ukanyoosha mkono. Ukasema ramani hiyo inaweka kumbukumbu ya kila badiliko, kwamba mstari ukiguswa inaandika uliguswa lini na nani, na kwamba tunaweza kufungua tuone. Nilikuwa na uhakika wangu wote. Nikakwambia fungua. Ukafungua, ukasoma kimya, ukaniangalia. Ukasema kwa sauti ya chini, "Baba, tukaangalie nyumbani kwanza." Hapo ndipo ningenyamaza, ningekuwa na akili. Nikasema, "Soma. Kwa sauti. Usimwonee mtu haya."

Ukasoma. "Mpaka wa Mama Semgaya ulikuwa unafika barabarani. Umesogezwa baada ya moto. Aliyeusogeza ni Baba."

Hukutaja hata jina langu. Ulisema Baba, mbele za watu wale wote. Na kila mtu mle ndani alikumbuka kwamba ni mimi niliyelalamika, kwenye mkutano wa nyuma, kwamba shamba la kikundi halina pa kupakilia malori.

Sikuugusa mpaka wa mtu, Sekela. Wewe unajua nikipiga picha kidole changu ndicho kinachotoka. Lakini nilisema sikuugusa, na nilisikia mwenyewe jinsi ilivyosikika. Kilichoniuma zaidi si kompyuta. Mle ndani walikaa watu niliowabonyezea Ndiyo shambani, kanisani na msibani, na hakuna aliyesimama kusema hata mimi huwa naingia kwa jina la Mwenyekiti. Walitazama miguu yao. Ukarimu wangu wote wa ule ubao ulinirudia kwa namna hiyo. Kompyuta haikudanganya. Ilijua kila aliyeingia ni mimi, kwa sababu kila ilipouliza nilijibu ndiyo, ni mimi.

Tulipofika nyumbani nilikuuliza ni nani. Ukasema kumbukumbu inaonyesha aina ya simu iliyotumika, na simu za aina hiyo kwenye kikundi ziko mbili, moja ya katibu na nyingine ya baba yako mdogo. Nikakwambia basi ni katibu. Ukatikisa kichwa. "Baba, ninachokijua ni simu. Mkono ulioishika sikuuona." Nikapiga kelele, unakumbuka, mpaka mama yako akafunga madirisha. Mtoto amesoma mpaka amemaliza, halafu mwisho wa kusoma kwake ni kuniambia hajui. Mimi nilitaka jina. Ungenipa la katibu ningelala usingizi usiku ule, hata kama si yeye.

Na ulipokataa hilo nikakuomba jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Nilikuomba ulifute jina langu. Nilishusha sauti nikakubembeleza kama mimi ndiye mtoto. Urudishe mpaka wa mama wa watu pale ulipokuwa, halafu utengeneze ramani mpya kutoka hiyo, na ile ya zamani yenye jina langu uitupe, nani atajua. Ulikuwa unaweza. Niliona kwenye macho yako kwamba unaweza, na kwamba unanihurumia, na ile huruma ikaniudhi zaidi.

Ukasema, "Baba, kinachoonyesha kwamba mpaka wake ulikuwa barabarani ni hichohicho kinachosema umesogezwa. Nikifuta jina lako nimefuta na ushahidi wake. Kesho mtu akiusogeza tena, ataonyesha nini?"

Nikakwambia una moyo wa jiwe. Nikakwambia nimekulea, nimekusomesha kwa misindano iliyokatwa kabla ya wakati wake, na leo unalinda kipande cha udongo cha mtu baki kuliko jina la baba yako. Ukasikiliza mpaka nikamaliza. Halafu ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nikupe kisa cha Mafinga, hujawahi kukisikia. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye mashine ya kupasua magogo. Kulikuwa na nyundo yenye alama, gogo likikaguliwa linapigwa nyundo ile kichwani, na lisilo na alama halitoki msituni. Nyundo ilishikwa na mnyapara mmoja tu. Aliifunga kiunoni kwa mkanda. Alikula nayo, alisali nayo, nadhani alilala nayo. Mtu akimwomba aazime apige magogo machache tu wakati mzee anamalizia chai, alikuwa anaacha chai ipoe na kwenda mwenyewe. Tulimwita Mume wa Nyundo. Tulimchukia, kusema kweli, tulimwona mchoyo asiyeamini binadamu, na siku aliyostaafu hatukumchangia hata kuku. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wakati wote ule hakuna gogo la wizi lililokutwa na alama yetu. Nilimkumbuka usiku wa ile kelele, nikiwa nimelala nimekupa mgongo wewe na mama yako na dunia nzima. Nikagundua naishi na Mume wa Nyundo nyumbani kwangu, na nimemzaa mwenyewe.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mama Semgaya bila kuwaaga. Nilimkuta anachagua viazi vya mbegu. Akanisalimia kamwene, nikaitikia, akanisogezea kigoda. Nikaanza hotuba yangu niliyoiandaa njia nzima, kwamba jina ni langu lakini mkono si wangu, kwamba ubao, kwamba meseji, kwamba simu ziko mbili. Alinisikiliza huku anachagua. Nilipoishiwa akasema, "Mwenyekiti, mimi sikuulizi nani alisogeza. Nakuuliza nani aliyesema nimesahau."

Hilo hakuna mtu mwingine aliyeingia kwa jina langu akalisema. Nililisema kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama, na nikafurahia watu walipocheka. Nikamwambia, "Ndiyo. Hilo ni mimi." Akaniambia basi nikaliseme palepale nilipolisemea la kwanza. Akanipa viazi vya kuja navyo nyumbani. Mliviona, mkala, hakuna aliyeniuliza nimevitoa wapi.

Mkutano wa pili uliona ulivyokuwa, sitaurudia wote. Nilisimama nikasema Mama Semgaya hakusahau, aliyekosea ni mimi, na mpaka wake ukarudishwa barabarani mbele ya macho ya kila mtu. Yeye aliitikia kwa kichwa mara moja kama mtu aliyepokea chenji iliyo sawa. Ule ubao niliukwangua kwa randa mwenyewe. Kisha ukaanza kazi ya kumpa kila mtu jina lake na neno lake, na nilikuona ulivyotoka jasho. Yule mzee aliyeambiwa achague neno ambalo hatamwambia mtu, akasimama akalitangaza kwa darasa zima ili tumsaidie kulikumbuka. Ukamwambia achague jingine. Akatangaza na hilo. Nilitamani kucheka na wewe, nikaona nikicheka utadhani yamekwisha, na hayakuwa yamekwisha. Baba yako mdogo aliandika lake polepole, ameinamia simu. Katibu aliomba maji ya kunywa. Sikumtazama yeyote kwa kumchunguza. Nilijilazimisha, na mpaka leo nikikutana nao najilazimisha. Hilo umenifundisha wewe na sikushukuru, maana lina uchovu wake, kuishi na watu wawili bila kujua na bila kusema.

Sasa na wewe una lako, usidhani nimekuandikia kujipiga mimi tu. Uliuona ule ubao. Ulisimama chini yake, ukacheka, ukanihubiria maneno matatu ya Kiingereza, ukapanda gari ukarudi chuoni. Ulijua kuliko sisi wote kwamba mlango uko wazi, na ukaondoka ukiwa umeridhika kwamba umesema. Huko unakokwenda utalinda vitu vya watu wengi, hospitali, maduka, vikundi kama hiki chetu, na kila mahali utakuta ubao umeandikwa juu ya mlango, na chini yake mtu mwema anayeogopa kuonekana mchoyo. Usimcheke ukaondoka. Kaa naye mpaka afunge mwenyewe. Atakukasirikia, atasema elimu imekuharibu, atakuita jiwe. Kaa tu. Wewe ungekaa siku mbili zaidi likizo ile, ungenisumbua mpaka nikakubali ili kelele inyamaze, kama kawaida yangu.

Na mtu akikuomba ufute kitu, awe bosi, awe rafiki, awe anayekulisha, kumbuka kwamba alishakuomba baba yako, na akalia kidogo, na ulimkataa. Baada ya huyo nani mwingine atakusumbua?

Jina langu bado liko pale. Nalichungulia mara mojamoja, mstari uleule, tarehe ileile, fulani amesogeza mpaka. Litakaa humo nikiwa nimeshazikwa, na wajukuu wako wakitaka kujua babu yao alikuwa mtu gani, wingu litawaambia alimnyang'anya mjane. Linanichoma, na sitajifanya limeacha kunichoma. Lakini nimewaza hivi nikiwa napalilia: ungelifuta, kesho ningekuwa nampeleka Mbeya mtu ambaye mimi mwenyewe nisingemkabidhi ramani yangu. Hasira yangu na fahari yangu juu yako zimekaa mahali pamoja na sijui kuzitenganisha. Lile neno la jiwe nalirudisha. Halikuwa lako.

Nilikuwa naanza kuaga hapa, na simu imetetemeka mezani. Je, ni wewe unayejaribu kuingia? Kuna mtu anadai amesahau neno langu la siri. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye Ndiyo, Sekela, mazoea ni ugonjwa. Nikakirudisha. Nikavaa miwani, nikasoma meseji yote kwa mara ya kwanza tangu niipate hiyo akaunti, mpaka maandishi madogo ya chini. Mahali, Igowole. Muda, sasa hivi. Nikajiuliza kwa dhati, mwanamume mzima nimekaa kwenye kochi, je, ni mimi? Nikabonyeza Hapana.

Nikasikia kicheko chumbani. Sijakisikia tangu ule mkutano. Mama yako akakuuliza unacheka nini na nguo hazijakunjwa, nawe ukamjibu, "Baba amenifungia nje."

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Unanipima, usiku wa kuamkia safari, mtoto mwenye adabu zako. Vizuri. Endelea kukaa huko nje, neno langu jipya sikwambii, hata ukinipigia kutoka Mbeya unalia. Na ukifika usiniandikie kwamba umefika, meseji anaweza kuiandika yeyote aliyeshika simu yako. Nipigie, useme kitu chochote, hata unitukane kidogo, nisikie sauti.

Barua hii nitaiweka ndani ya begi mama yako akimaliza kulifunga, kama atamaliza. Utakapofika kwenye maneno haya utakuwa umeshavuka Makambako, na utajiuliza kama kweli baba yako ndiye aliyekaa akaandika yote haya, yule aliyekunyamazia majuma yote.

Ndiyo, ni mimi.

Baba yako